Baiskeli Iliyozaliwa Mara Tatu

Katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn, jijini New York, imehifadhiwa baiskeli isiyo na fremu. Ile pembetatu ya mabomba tuliyoizoea tangu utotoni haimo. Mahali pake pana ganda la faiba, mali ileile wanayotengenezea boti, limevimba mbele, likaachwa tundu kubwa katikati, kisha likateremka nyuma kulifunika gurudumu. Taa mbili zimezamishwa usoni mwake kama macho ya samaki. Huoni pa kufungia mzigo, huoni pa kuinyanyulia. Jina lake ni Bowden Spacelander.

Mwonyeshe mtu yeyote picha yake, umuulize ni ya lini. Atajibu bila kufikiri: miaka ya 1960, zama za Gagarin na roketi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni theluthi ya ukweli. Mimi mwenyewe nilijibu hivyohivyo, na nilipokwenda kutafuta nilipokosea ndipo nilipojifunza sehemu kubwa ya ninayoyajua juu ya kupima umri wa baiskeli kuukuu.

Benjamin Bowden alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1906, na kazi yake ilikuwa kuchora miili ya magari. Gari la Healey Elliott, lililotoka mara baada ya Vita Kuu ya Pili na kusifika kwa mbio, limepita mikononi mwake. Mwaka 1946 baiskeli yake iliwekwa kwenye maonyesho makubwa ya London yaliyoitwa Britain Can Make It, ndani ya jumba la Victoria and Albert. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma. Mkate, ambao Waingereza hawakugawiwa kwa kadi muda wote wa vita, ulianza kugawiwa kwa kadi Julai ya mwaka huo. Watu zaidi ya milioni 1.4 walipanga foleni kwenda kutazama masufuria, viti, vitambaa na redio ambazo nyingi hazikuwa zimefika madukani. Katika pembe ya vitu vya siku zijazo wakaikuta baiskeli ya Bowden, ganda la aluminiamu linalong'aa.

Hapa ndipo panapotaka kutuliwa. Wakazi wa London wa mwaka 1946 waliijua roketi, lakini waliijua kama V-2, bomu lililokuwa likiwaangukia mpaka Machi 1945. Sputnik, setilaiti ya kwanza, ilikuwa bado miaka kumi na mmoja mbele yao. Mikunjo ile ambayo leo tunaiita ya zama za anga haikutoka angani hata kidogo. Ilitoka kwenye karakana za magari na ndege, ambako mafundi walikuwa wamejifunza kulikunja bati likae juu ya umbo bila kona. Bowden alichukua ujuzi wa gari akaupa baiskeli. Ndani yake alitaka shafti badala ya mnyororo, na kwenye habu mtambo wa umeme utakaokusanya nguvu wakati wa kuteremka na kumsaidia mpandaji wakati wa kupanda. Viwanda vya Uingereza vilipiga hesabu ya kubadili mashine zao, vikamwacha. Alijaribu Afrika Kusini, napo mpango ukavunjika.

Miaka ya 1950 akahamia Marekani, jimbo la Michigan. Huko aluminiamu ikabadilishwa kwa faiba. Shafti na mtambo wa umeme vikaachwa, ukarudi mnyororo wa kawaida. Mwaka 1960 kampuni ya Bomard, ya mji wa Grand Haven, ikaanza kuiuza kwa dola 89 na senti 50, kwa rangi tano zenye majina ya madaha. Moja iliitwa Outer Space Blue. Sasa Sputnik ilikuwa imekwisha pita juu ya vichwa vya watu, na umbo la 1946 likapata jina la 1960: Spacelander. Ziliuzwa 522 hivi, biashara ikazimika. Kisha miaka ya 1980, wakusanyaji walipoanza kuzigombania zile chache zilizobaki, zikatengenezwa nakala mpya kwa umbo lilelile.

Basi ukiletewa Spacelander na kuulizwa ni ya mwaka gani, una miaka mitatu ya kuchagua, na yote mitatu ina haki. Umbo ni la 1946. Baiskeli ya kiwandani ni ya 1960. Iliyo mbele yako huenda ni ndogo kuliko wewe.

Sisi wa Unguja tunalijua jambo hili kwa milango. Mlango wa msaji wenye nakshi na misumari ya shaba unaweza kuwa na umri wa miaka mia na hamsini, nao umening'inia kwenye hoteli iliyojengwa mwaka juzi. Mgeni anaupiga picha mlango na kusema nyumba ni ya kale. Mwenyeji hutazama ukuta. Anatazama chokaa na mawe, pale fremu ya mlango inapokutana na jengo, kama imekaa au imelazimishwa. Baiskeli nayo inataka macho ya mwenyeji.

Kwa Spacelander, macho hayo huanza upande wa ndani wa ganda. Faiba iliyoishi miaka mingi hupasuka rangi yake ya juu vijistari vyembamba kama utando wa buibui, hasa pale skrubu zinapopenya na pale uzito wa mpandaji unapokaa. Ndani, ambako hakuna aliyepaka wala kung'arisha, nyuzi huanza kujitokeza. Lakini miaka kumi ya kuachwa uani kwenye jua huweza kuleta nyufa hizohizo, kwa hiyo ganda peke yake halitoshi. Inabidi ugeukie vyuma: habu, pedali, kiti, taa. Vitu hivi vilitoka viwanda vingine, na viwanda hivyo vingi vilikuwa na desturi ya kupiga mhuri.

Kanuni inayonisaidia kuliko zote ni hii: baiskeli haiwezi kutangulia kipande chake cha mwisho cha asili. Ukikuta habu ya 1962 iliyokaa humo tangu kiwandani, hata kama umbo ni la 1946, baiskeli hiyo haikukamilika kabla ya 1962. Ugumu wote umejificha ndani ya hayo maneno mawili, "cha asili". Baiskeli ni chombo cha kazi; tairi huisha, cheni hukatika, fundi huweka alichonacho dukani. Kinachobaki mara nyingi ni fremu, na fremu ndiyo inayopakwa rangi upya.

*

Wamarekani wanaokusanya baiskeli za mtindo huu wa roketi huita zama za anga kipindi kinachoanza kabla ya anga lenyewe kufikiwa. Kampuni ya Delta Electric, ya mji wa Marion jimboni Indiana, ilikuwa ikiuza taa ya baiskeli yenye umbo la roketi, iitwayo Rocket Ray, kabla Sputnik haijarushwa. Kiwanda cha Huffy mwaka 1955 kilitoa Radiobike, baiskeli yenye redio ndani ya tangi bandia na pakiti ya betri kwenye keria ya nyuma. Redio ile ilitumia vali za kioo. Transista ndiyo kwanza ilikuwa imeingia kwenye redio za mkononi mwishoni mwa 1954, na ilikuwa ghali. Fundi redio yeyote wa makamo, hata kama hajapata kuiona Radiobike maishani, atafungua tangi lile, atazame vali, na kukutajia muongo bila kugusa gurudumu. Napenda sana ushahidi wa namna hii, kwa sababu mtu wa fani nyingine kabisa anaweza kuutoa.

Lile tangi bandia nalo linahitaji maelezo, maana mabomba ya baiskeli zetu yalikaa wazi. Kati ya bomba la juu na la pili yake waliweka kasha la bati lililokunjwa kama tangi la petroli la pikipiki. Ndani mlikuwa na betri, honi, wakati mwingine taa. Halikuwa na kazi nyingine ila kumfanya mtoto ajione yuko juu ya mashine. Kabla ya vita tangi liliiga pikipiki, baadaye likaiga ndege ya jeti, na mwisho likaiga roketi, na bati likawa lilelile. Ndiyo maana tangi halifai kuwa shahidi wa kwanza.

Shahidi bora wa haraka ni tairi, au tuseme upana wa rimu na nafasi ya tairi katika foki. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta tairi nene za inchi 2.125 mwaka 1933, na kwa miaka ishirini hivi baiskeli za watoto wa Marekani zilikuwa na miguu minene. Katikati ya miaka ya 1950, Schwinn walipotoa Corvette, ikaja tairi nyembamba kidogo ya inchi 1.75, na viwanda vingine vikafuata. Baiskeli yenye mapambo ya roketi lakini imeundwa kwa tairi ya 1.75 haikutoka kabla ya hapo. Tairi zenyewe zinaweza kuwa za juzi. Nafasi ziliyoachiwa haibadiliki.

Nitakaa kidogo kwenye baiskeli moja, kwa sababu ndiyo iliyokuwa Spacelander ya mtoto wa kawaida. Duka la Sears liliuza kwa katalogi kila kitu ambacho familia ya Marekani ingehitaji, tangu sindano hadi nyumba nzima ya kujijengea, na katika miaka ya 1960 liliuza baiskeli iliyoitwa Spaceliner. Ile ya bei ya juu ilikuwa na fremu nzima ya kromu, tangi lenye taa ndani yake, na keria iliyonyooshwa nyuma kama mkia wa ndege. Juani ilikuwa haitazamiki. Sears hawakuitengeneza, iliundwa na Murray, kiwanda kilichoanzia Cleveland, Ohio, na ambacho miaka ya 1950 kilihamia jimbo la Tennessee.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu ananunua Spaceliner kwenye mnada, anatafuta historia ya baiskeli za Sears, haipati, kwa kuwa anatafuta kiwanda ambacho hakikuwapo. Njia ni kusoma majina na tarakimu. Kabla ya vita na muda mfupi baada yake Sears waliziita baiskeli zao Elgin. Kisha likaja jina J.C. Higgins, lililotokana na mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wao, nalo likaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya hapo ikaandikwa Sears tu. Kwa hiyo maandishi ya ubavuni peke yake yanaigawa miaka thelathini katika mafungu matatu. Namba ya modeli inaongeza jambo jingine: tarakimu tatu za mwanzo, kabla ya nukta, hutaja aliyeunda, na 502 ni Murray. Ukishajua kiwanda, unaweza kuilinganisha fremu hiyo na za Murray zilizouzwa kwa majina mengine kwenye maduka mengine: pinda ya bomba, umbo la kasha la cheni, namna keria inavyoshikwa. Kasha la cheni hasa. Mtu akiibadilisha baiskeli ataweka kiti kipya, usukani mpya, tairi mpya. Kasha la cheni huachwa, labda kwa kuwa halimpi mtu furaha kulibadilisha.

Stika husaidia pia, zikiwa bado zipo. Kuna alama ndogo ya BMA/6, ya chama cha watengenezaji baiskeli wa Marekani, iliyobandikwa kwenye fremu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiikuta, unajua baiskeli yako imevuka zama za Gagarin. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ikaleta sheria ya usalama iliyodai viakisi mwanga mbele, nyuma, kwenye pedali na kwenye magurudumu. Pedali za asili zenye viakisi vya namna hiyo humwambia mnunuzi atulize moyo na ashushe bei. Hata jina la nchi ni saa: kilichoandikwa West Germany hakikutoka kabla ya 1949, na kilichoandikwa Occupied Japan kilitoka Wamarekani wakiwa bado wanaikalia Japani, kabla ya Aprili 1952. Taa, kengele na pampu nyingi za enzi hizo zina maandishi hayo chini, mahali ambapo kidole hufika kabla ya jicho.

*

Schwinn ndiyo kampuni inayomtendea mtafiti wema kuliko zote, na pia ndiyo inayomtega.

Wema kwanza. Kuanzia 1965 namba za fremu za Schwinn zilitanguliwa na herufi mbili. Ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka. A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea. I na O zimerukwa zisifanane na moja na sifuri, hivyo Desemba ikawa M. Kwenye mwaka, A ni 1965, B ni 1966, na hivyo hivyo. Fremu iliyoanza na GE ilipigwa namba Julai 1969, mwezi uleule Armstrong na Aldrin waliposhuka mwezini. Kwa fremu za kati ya 1952 na 1970, lala chini utazame bati la kushoto la nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Baada ya 1970 inuka, utazame bomba la mbele ambalo usukani unapenya. Mahali ilipo namba ni ushahidi hata kabla hujaisoma.

Namba ilipigwa kwenye kipande cha chuma kabla fremu haijaungwa, kwa hiyo baiskeli inaweza kuwa imekamilika wiki au miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana mtu makini hasemi "hii ni ya Julai 1969". Husema fremu ilipigwa namba Julai 1969, kisha anageukia habu na krenki kuuliza nazo zinasemaje.

Mtego sasa. Kati ya 1976 na 1982 beji ya mbele ya Schwinn ilikuwa na tarakimu nne ndogo. Chukua beji yenye 1958. Mtu akiiona, moyo unamruka: baiskeli ya mwaka mmoja baada ya Sputnik! Hapana. Tarakimu tatu za mwanzo ni siku ya mwaka, ya mwisho ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wenyewe. Siku ya 195 ya mwaka unaoishia na 8 ni tarehe 14 Julai 1978. Miaka ishirini imetoweka kwa kusoma vibaya, na pengine pesa nyingi pamoja nayo. Si kosa la kumcheka mtu. Namba iliyopigwa kwenye chuma inaaminika mno, nasi hatuna mazoea ya kukiuliza chuma kinahesabu kwa kalenda gani.

Kuna jambo jingine katika historia ya Schwinn linalonishangaza kila nikilifikiria. Mwaka 1963 kampuni ilitoa Sting-Ray, baiskeli ndogo ya gurudumu la inchi 20, usukani uliopanda juu kama pembe na kiti kirefu chenye umbo la ndizi. Mtu aliyeisukuma, Al Fritz, alikuwa amesikia kwamba watoto wa California wanajitengenezea zao kwa vipande vya kuunga. Watoto wakaipenda. Mwaka 1968 zikafuata Krate, zilizoiga magari ya mashindano ya kasi. Tangi la roketi na mkia wa ndege vikaanza kuonekana vitu vya kaka wakubwa. Hivyo ilipofika Julai 1969 na binadamu akatua mwezini kweli, mtoto wa Marekani hakutaka tena baiskeli ya kwenda mwezini. Alitaka ya kuruka ukingo wa barabara.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini mapambo ya anga yakiwa mengi sana kwenye baiskeli si dalili kwamba ni ya karibu na siku za kutua mwezini. Yalishamiri wakati anga lilipokuwa ahadi. Lilipokuwa tukio, yalikuwa yakiondolewa dukani.

*

Ahadi hiyo ilifika mpaka kwetu, na si kwa maneno tu. Mradi wa Mercury, uliowapeleka Wamarekani wa kwanza angani, ulihitaji vituo vya redio kuizunguka dunia ili chombo kisipotee sikioni. Kimoja kilijengwa Unguja, Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alipita juu ya Afrika akizungumza na Kano, kisha na Zanzibar. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, Wamarekani waliondoshwa kwa manowari, na mwaka huohuo kituo kikafungwa. Miaka michache baadaye, Desemba 12, 1970, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya Uhuru wa Kenya.

Spaceliner ya kromu sijapata kuiona ikipita Darajani. Baiskeli ya zama hizo kwetu ilikuwa nyeusi, ya Nottingham, wima kama mwalimu wa zamani, breki za vyuma na madigadi ya bati. Kenya wakaiita Black Mamba. Hata hivyo sayansi niliyoieleza hapo juu inaifaa hiyo pia, na pengine inaifaa zaidi. Habu za gia tatu za Sturmey-Archer, zile za modeli AW zilizoanza 1936, zilipigwa mhuri wa mwaka na mwezi kwenye ganda lake. Umri umeandikwa pale pale, umefunikwa na grisi na vumbi, na watu wameupanda miaka sitini bila kuusoma.

Babu yangu alikuwa na moja. Ami yangu, ambaye ndiye aliyeirithi, amekuwa akisema siku zote kwamba iliingia nyumbani "mwaka ule Mmarekani alipopita juu". Nilimwendea na mafuta ya taa kwenye kopo, brashi ya waya na kitambaa. Nikasafisha habu ya nyuma mpaka herufi zikatoka: AW, na chini yake 66, na 4. Aprili 1966. Glenn alikuwa amekwisha pita miaka minne, Wamarekani wa Tunguu wamekwisha kwenda zao, nchi imekuwa nyingine.

Nilimwambia Ami kwa adabu, maana si rahisi kumwambia mtu mzima kwamba chuma kinamkanusha. Hakukasirika. Aliinama, akaishika rimu, akaizungusha polepole. Akanionyesha spoku: za nyuma zilikuwa nene kuliko za mbele. Akanionyesha rangi chini ya kibano cha keria, ambako mistari ya dhahabu ilikuwa bado hai, ilhali kwenye madigadi haikuwapo. Nilikuwa nimeisoma namba nikaacha kuitazama baiskeli. Gurudumu la nyuma, akasema, baba yake aliligonga kwenye daraja akitoka shamba, likapinda, wakanunua jingine zima.

"Na la zamani?"

"Mzee alikuwa hatupi kitu."

Tulipanda darini na tochi. Lilikuwa nyuma ya mitungi, limeegemezwa ukutani, rimu imejikunja, spoku kadhaa zimekatika na nyingine zimeshikana kwa kutu. Tukalishusha hadi barazani. Ami alikaa kwenye mkeka, akalipakata kama mtoto, mimi nikamimina mafuta ya taa kidogo kidogo. Ilichukua muda. Kutu ilitoka kwanza nyekundu, kisha nyeusi, kisha chuma kikaanza kuonekana kijivu. A, W. Ami akaomba miwani yake iletwe kutoka ndani. Ile 6 ilikuwa wazi. Iliyofuata tulidhani ni saba, tukasugua tena, ikawa moja. Chini yake zilikuwa mbili zinazofanana: 11.

Novemba 1961, Nottingham. Miezi mitatu kabla ya Glenn. Muda wa habu kufungwa kwenye baiskeli, baiskeli kufungwa kwenye kreti, na kreti kuteremshwa gatini Malindi ya Unguja. Ami aliipitisha kidole ile namba mara mbili, tatu, kisha akauliza kama lile gurudumu linaweza kunyooshwa.